Dawa Zizuiazo Kuoza

Wasikilizaji na wasomaji wetu, leo twapenda kuzungumza nanyi habari za vitu ambavyo karibu kila mmoja wetu huvila, huvinywa, hudungwa au hujipaka, wala hatuvijui kwa majina. Vimo katika soda na katika mkate wa dukani. Vimo katika dawa ya kikohozi na katika chupa ya chanjo. Vimo pia katika krimu na losheni zinazouzwa sokoni. Kazi yake ni moja tu, kuzuia kuoza. Wataalamu huviita vihifadhi, na sisi katika mazungumzo haya tutaviita dawa za kuhifadhi.

Juu ya dawa hizi watu wamegawanyika pande mbili. Wako wasemao ya kuwa kila kitu kilichotiwa dawa ni sumu, na ya kuwa heri mtu atumie vitu visivyotiwa kitu chochote. Wako na wengine wasiouliza neno. Mradi kitu kinang'aa na kinanukia vizuri, hukinunua na kukitumia. Twasema mapema ya kuwa pande zote mbili zimekosea, na kosa la kila upande limekwisha kuua watoto wachanga na wakubwa. Jinsi ilivyokuwa tutaeleza. Lakini kwanza yatupasa kujua kuoza ni nini.

Hapo kale watu walidhani ya kuwa nyama huoza yenyewe tu, kama vile chuma kishikavyo kutu. Karibu na mwaka 1860 mwanachuoni wa Ufaransa, jina lake Louis Pasteur, alichemsha mchuzi ndani ya chupa yenye shingo ndefu iliyopindwa, hata vumbi la hewani lisiweze kuufikia. Mchuzi ule ulikaa siku nyingi bila kuharibika. Alipoivunja ile shingo, mchuzi ukaharibika upesi. Hivyo akawaonyesha watu ya kuwa kuoza ni kazi ya viumbe hai vidogo mno, visivyoonekana kwa macho matupu. Sisi tutaviita vijidudu, pamoja na ndugu yao kuvu, yule aotaye juu ya mkate kama manyoya ya kijani.

Vijidudu hivi vyataka mambo matatu: chakula, joto na maji. Katika nchi zetu joto halikosekani, na chakula ndicho kile tunachotaka kukihifadhi. Basi limebaki jambo moja la kushindania nalo, ndilo maji. Wazee wetu walilijua hilo kwa mazoea, ijapokuwa hawakuviona vijidudu. Mvuvi wa pwani humpasua samaki, akamtia chumvi na kumwanika juani hata awe ng'onda. Mvuvi wa ziwani humkausha samaki juu ya moshi. Mpishi hutia maembe na ndimu katika chumvi na siki, ikawa achari. Na asali hukaa mwaka na zaidi bila kuchacha. Katika hayo yote siri ni ileile. Jua na moshi huondoa maji. Chumvi na sukari huyafunga maji, kijidudu asiyapate. Na ukali wa siki au wa ndimu humchoma kijidudu hata asiweze kuzaa.

Kwa hiyo twaweza kuweka kanuni ya kwanza, na twaomba mwanafunzi aiandike katika daftari lake: palipo na maji pana uozo. Mafuta safi ya nazi hayana maji, kwa hiyo vijidudu haviwezi kuzaana ndani yake. Yaweza kunuka yakikaa sana, lakini ile ni kazi ya hewa, si ya vijidudu. Hina kavu ni hivyo hivyo. Ikilowekwa tu, yabidi itumike upesi. Lakini krimu nyeupe iliyo laini ni maji na mafuta yaliyochanganywa pamoja. Dawa ya mtoto ya kunywa ni maji. Soda ni maji. Chanjo ni maji. Hivyo vyote ni shamba lenye rutuba kwa vijidudu, na shamba hilo lataka mlinzi.

Mlinzi huyo ndiye dawa ya kuhifadhi. Tutazame mmoja wao, ambaye jina lake lina asili karibu na nyumbani kwetu. Watu wa pwani waujua ubani. Iko aina ya utomvu wa kufukiza itokayo visiwa vya mashariki, ambayo Waarabu waliiita lubani jawi, maana yake ubani wa Java. Wazungu walilisikia jina hilo, wakalikatakata vinywani mwao hata likawa benzoini. Kutoka katika utomvu huo watu wa Ulaya walipata, zamani za karne ya 16, unga mweupe uitwao asidi ya benzoiki. Siku hizi unga huo hutengenezwa viwandani, na chumvi yake, benzoeti ya sodiamu, hutiwa katika soda, maji ya matunda na achari. Ukiona juu ya chupa herufi na tarakimu E211, ndiyo hiyo.

Yafaa tujue jinsi inavyofanya kazi, maana ndipo tutakapoona ya kuwa mlinzi huyu si wa kila mahali. Ndani ya kinywaji kikali, asidi ya benzoiki hupenya ngozi ya kijidudu, ikaingia ndani yake na kuuharibu mwili wake. Lakini ndani ya kitu kisicho kikali, kama maziwa au nyama, haipenyi. Kwa hiyo aitiaye benzoeti katika maziwa amepoteza fedha yake bure. Kila dawa ya kuhifadhi ina mahali pake: sorbeti hupigana hasa na kuvu, propioneti huulinda mkate, naitraiti hutiwa katika soseji ili kuzuia kijidudu kimoja kibaya kitoacho sumu ya botulini, na jina la sumu hiyo latokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji. Hata hivyo naitraiti nayo ina lawama zake. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliitaja nyama iliyosindikwa, kama soseji na bekoni, kuwa miongoni mwa vitu visababishavyo saratani ya utumbo; na naitraiti ni mojawapo ya mambo yanayodhaniwa kuleta madhara hayo.

Sasa huenda mtu akauliza, Je, kitu kiuacho kijidudu, kitakosaje kuniua mimi? Swali hili ni la haki kabisa, na jibu lake ni kipimo. Mwili wa binadamu una ini na figo zake, ambazo huvibadili vitu vingi na kuvitoa nje kwa mkojo. Kijidudu hana ini. Wataalamu huwapa wanyama dawa ile kwa vipimo mbalimbali, wakatafuta kipimo kikubwa kisicholeta madhara yoyote. Kisha kwa desturi hukigawanya kwa 100, na hicho kidogo kilichobaki ndicho wanachokiruhusu kwa mtu kila siku maisha yake yote. Nchini Marekani benzoeti haitakiwi kuzidi sehemu 1 katika sehemu 1,000 za chakula, yaani gramu moja katika kilo moja. Ndani ya kipimo ni mlinzi; nje ya kipimo ni mwizi.

Lakini vipimo hivyo havikushuka kutoka mbinguni. Vilitafutwa kwa taabu, baada ya watu kudhurika. Mwishoni mwa karne ya 19, katika miji mikubwa ya Uingereza na Marekani, maziwa yalisafirishwa mwendo mrefu bila barafu ya kutosha. Wachuuzi wengine walitia ndani yake formalini, ile dawa ihifadhiayo maiti. Wengine walitia boraksi katika siagi na nyama. Hapakuwa na sheria ya nchi nzima nchini Marekani ya kuwazuia, na mama aliyemnywesha mtoto wake maziwa yale hakuwa na njia ya kujua.

Mwaka 1902 mkuu wa wakemia katika wizara ya kilimo ya Marekani, Bwana Harvey Wiley, alikusanya vijana 12 waliojitolea kwa hiari yao. Akawapa chakula kizuri bure mezani pake, ila ndani yake alitia dawa zile, moja baada ya nyingine, akipima uzito wao na kuandika hali zao kila siku. Alianza na boraksi, akaificha ndani ya siagi. Vijana walipotambua, wakaanza kuiacha siagi. Akaihamisha katika vyakula vingine, wakavikwepa hivyo pia. Mwisho ikabidi wameze dawa hiyo ndani ya vidonge vya utando, hali wakijua wamezacho. Baada ya siku kupita, wakashikwa na maumivu ya kichwa na ya tumbo, na hamu ya chakula ikawapotea. Magazeti yakawaita Kikosi cha Sumu. Habari zao zilienea nchi nzima, zikasaidia kuleta sheria ya vyakula safi na dawa, iliyotiwa sahihi tarehe 30 Juni 1906.

Bwana Wiley aliichukia benzoeti pia, akataka ipigwe marufuku. Lakini baraza la wataalamu lililowekwa kuichunguza upya lilitoa jibu mwaka 1909 ya kuwa kwa kipimo kidogo haidhuru. Basi formalini na boraksi zikafukuzwa katika vyakula vya kawaida, na benzoeti ikabaki. Hapa twajifunza ya kuwa dawa hizi hazihukumiwi zote pamoja. Kila moja husimamishwa mbele ya mizani peke yake.

Tena kosa la wale wachuuzi lilikuwa la namna mbili. La kwanza, formalini yenyewe ni sumu. La pili, ilificha. Maziwa yaliyokwisha chakaa yalionekana kuwa mapya. Mlinzi wa kweli huwekwa mlangoni kabla mwizi hajaingia; yule mchuuzi alimweka mlinzi baada ya nyumba kuibwa, ili apambe mlango tu. Na jambo hili halikwisha. Mwezi wa Julai mwaka 2019, nchini Kenya, taarifa ya televisheni ilieleza ya kuwa nyama katika baadhi ya maduka makubwa ilitiwa salfaiti ili ionekane nyekundu kana kwamba imechinjwa leo. Watu wakashtuka, na serikali ikaagiza ukaguzi. Salfaiti ina mahali pake halali, kwa mfano katika matunda yaliyokaushwa na katika mvinyo. Lakini katika nyama mbichi hurudisha rangi nyekundu bila kurudisha upya, tena huharibu vitamini B1 iliyomo ndani yake. Na watu wengine wenye pumu, wakila salfaiti, hushikwa na kifua. Kwa sababu ya vifo vya watu wa namna hiyo, Marekani iliizuia mwaka 1986 isitiwe katika matunda na mboga ziliwazo mbichi. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nyama yaweza kuwa mkakasi.

Basi, hayo ndiyo makosa ya wale wasiouliza neno. Msomaji akiishia hapa, atasema, Naam, nilijua. Dawa hizi zote ni uovu, heri tuzikimbie. Twamwomba avumilie kidogo, asikie habari za upande wa pili.

Katika nchi ya Australia, jimbo la Queensland, uko mji uitwao Bundaberg. Mwezi wa Januari mwaka 1928 watoto wa mji huo walikuwa wakichanjwa dhidi ya dondakoo, ugonjwa uliokuwa ukiwanyonga watoto wengi siku zile. Chanjo ilikuja ndani ya chupa moja kubwa yenye kizibo cha mpira, nayo ilitosha watoto wengi. Daktari hupitisha sindano katika kizibo, akavuta kiasi cha mtoto mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu. Chupa ile ilitumika mara kadhaa katikati ya mwezi, na watoto waliodungwa hawakupata neno. Ikawekwa. Ilikuwa majira ya joto huko, na chupa haikuwekwa penye baridi. Tarehe 27 Januari ilitolewa tena, na watoto 21 wakadungwa. Kabla ya siku mbili kupita, watoto 12 kati yao walikuwa wamekufa.

Serikali ilituma baraza la uchunguzi. Watu walidhani chanjo yenyewe ndiyo iliyokuwa sumu, au imetengenezwa vibaya. Sivyo. Wataalamu waliona ndani ya chupa ile vijidudu viitwavyo stafilokoka, ambavyo hukaa hata juu ya ngozi ya mtu mzima wa afya. Katika siku za kutoboa na kutoboa, vilikuwa vimeingia ndani. Na kwa kuwa mlikuwa na maji, joto na chakula, vikazaana kwa maelfu na maelfu, vikitoa sumu yao. Na ndani ya chupa ile hamkuwa na dawa ya kuhifadhi hata tone. Baraza likashauri ya kuwa tangu siku hiyo chanjo na dawa za namna hiyo, ambazo vijidudu vyaweza kuota ndani yake, zisitolewe katika chupa za kutobolewa mara nyingi ila ziwe zimetiwa dawa ya kutosha kuzuia vijidudu. Ushauri huo umezishika nchi nyingi hata leo.

Mtu asiseme hayo ni mambo ya zamani na ya mbali. Mwezi wa Mei mwaka 2017, nchini Sudan Kusini, katika kijiji cha Nachodokopele karibu na Kapoeta, watu walikuwa wakichanjwa dhidi ya surua. Chanjo ya surua ina kirusi hai aliyedhoofishwa, kwa hiyo haitiwi dawa ya kuhifadhi, maana dawa hiyo ingeiharibu chanjo yenyewe. Sheria yake ni kwamba ikisha kuchanganywa na maji yake, itumike kabla ya saa sita kupita, nayo ikae penye baridi, kisha kilichobaki kimwagwe. Katika kijiji kile bomba moja la sindano lilitumika kuchanganyia kwa siku nne, na chanjo ilikaa siku hizo zote bila baridi. Watoto 15, wote walio chini ya miaka mitano, walikufa. Miaka karibu 90 ilikuwa imepita tangu Bundaberg, na adui alikuwa yuleyule: maji, joto, na chupa isiyo na mlinzi.

Twawasihi wazazi wasiyachukue maneno haya kuwa sababu ya kuikimbia chanjo. Surua huua watoto wengi mno kuliko kosa lolote la namna hii, na chanjo iliyotunzwa vizuri huwaokoa. Tumeyaeleza ili mama ajue maana ya mambo ayaonayo zahanatini. Labda amekwenda na mtoto wake, muuguzi akamwambia, Leo watoto ni wachache, rudi siku fulani wakusanyike. Mama amerudi njia ndefu akinung'unika. Au ameona chupa yenye chanjo iliyobaki inatupwa, akasema serikali yafuja mali. Sasa ajue ya kuwa ile ni chupa isiyo na mlinzi. Ikisha kufunguliwa, saa zake ni sita tu, hata kama ndani yake zimebaki dozi nyingi. Muuguzi aitupaye amewakumbuka wale watoto, ijapokuwa hajapata kusikia majina ya miji yao.

Chanjo nyingine, kama ya pepopunda, haina kirusi hai, kwa hiyo yaweza kutiwa mlinzi. Aina nyingi zina kitu kiitwacho thiomesali, ambacho ndani yake mna kiasi kidogo sana cha zebaki ya namna ambayo mwili huitoa upesi. Chupa ya namna hiyo, ikitunzwa penye baridi kama ipasavyo, yaweza kutumika hata siku 28. Mwaka 1999 Marekani iliomba thiomesali iondolewe katika chanjo za watoto kwa hadhari tu. Tangu hapo uchunguzi mwingi umefanywa katika nchi mbalimbali, wala haukuona ya kuwa inaleta ugonjwa wa akili wa watoto kama ilivyovumishwa. Shirika la Afya Duniani limeendelea kuikubali, hasa kwa nchi ambazo haziwezi kumpa kila mtoto chupa yake peke yake na majokofu ya kuziweka chupa zote hizo. Mtu akiuliza, Kwa nini watie zebaki? mjibu kwa jina moja: Bundaberg.

Lakini hata mlinzi mwema aweza kuwa hatari akiwekwa penye mtu asiyestahili. Mwaka 1982 nchini Marekani ilijulikana ya kuwa watoto wachanga 16, waliozaliwa kabla ya siku zao, walikuwa wamekufa katika hospitali mbili. Maji ya kusafishia mirija ya sindano zao yalikuwa yametiwa alkoholi ya benzili, dawa ambayo mtu mzima haimdhuru kwa kipimo kile. Maini ya watoto wale yalikuwa hayajakomaa, yakashindwa kuivunja. Ikajaa katika damu, na pumzi zikawapotea. Waganga wakaonywa wasiitumie kwa wachanga. Hapa kipimo cha mtu mzima hakikuwa kipimo cha mtoto, na ndiyo maana si vizuri mzazi kumgawia mtoto dawa ya mtu mzima kwa kukisia.

Tumekwisha kusema habari za vyakula na dawa. Sasa tuseme kidogo habari za vitu vya kujipaka. Humo mna dawa ziitwazo parabeni, zilizotumika miaka mingi sana. Mwaka 2004 wachunguzi wa Uingereza walitangaza ya kuwa wameziona parabeni katika uvimbe wa saratani ya matiti wa wanawake 20. Hawakuonyesha ya kuwa ndizo zilizoleta saratani, wala hawakulinganisha na matiti yasiyo na ugonjwa; lakini hofu ikaenea. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ukazipiga marufuku aina tano za parabeni ambazo hazikuwa na ushahidi wa kutosha wa usalama, ukapunguza kipimo cha nyingine, na aina zilizochunguzwa sana ukaziacha. Huo ulikuwa uamuzi wa mizani. Lakini watengenezaji wengi walikuwa wamekwisha kuzikimbia parabeni zote pamoja, wakashika dawa nyingine yenye jina refu, methilaisothiazolinoni. Haukupita muda, watu wengi wakaanza kuwashwa na kutoka vipele usoni na mikononi, hata Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku hiyo nayo mwaka 2017 katika krimu na vitu vikaavyo juu ya ngozi bila kuoshwa. Waliacha mlinzi wanayemjua wakamwajiri mgeni, nao hawakumwuliza atokako.

Na krimu isiyo na dawa yoyote je? Ikiwa ina maji, kila mara mtu anapotia kidole ndani yake hupanda mbegu za vijidudu. Akijipaka karibu na jicho, au juu ya ngozi ya mtoto yenye mkwaruzo, amekaribisha ugonjwa. Kwa hiyo neno lililoandikwa koponi kwa fahari, ya kuwa hamna dawa ya kuhifadhi, si sifa peke yake. Yatupasa kuuliza, Je, mna maji? Ikiwa hamna maji, vema. Ikiwa mna maji, ni nini kinachoyalinda?

Sasa twaweza kuyakusanya haya yote katika maswali manne ambayo kila mnunuzi aweza kuyauliza, awe mkulima, mama wa nyumbani au mwanafunzi. Kitu hiki kina maji? Mlinzi wake ni nani? Kipimo chake ni halali kwa yule atakayekitumia, mkubwa au mtoto? Na mwisho, dawa hii yalinda kitu kizuri au yaficha kitu kibaya? Mwenye kujua kusoma hana udhuru wa kutosoma kibandiko. Kitu kisicho na jina la mtengenezaji, wala orodha ya vilivyomo, wala tarehe ya mwisho wa kutumika, hakiwezi kumjibu hata swali moja. Na akiache dukani. Nchini Tanzania vyakula na vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango tangu mwaka 2019, na dawa ziko chini ya mamlaka yake nyingine. Kenya nayo ina shirika lake la viwango. Mtu aonaye nyama ya rangi ya ajabu au samaki anayenuka dawa ana haki ya kumwarifu afisa wa afya wa mahali pake, wala si uchongezi.

Nyumbani nako kuna kazi. Mlinzi aliyetiwa kiwandani ni mmoja, nasi tusimlemee. Tusiongeze maji katika losheni iliyokaribia kwisha ili ienee, maana tunamzimua mlinzi na kuwaongezea adui chakula. Tuchote krimu kwa kijiko safi au kwa mkono uliooshwa. Dawa ya unga ya mtoto, ambayo huchanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa, tusiiweke mwezi mzima kwa ajili ya mtoto atakayeugua baadaye. Siku zake zimeandikwa kibandikoni, nazo kwa kawaida ni 7 au 14 tu. Dawa ya macho ikisha kufunguliwa, kwa desturi hutupwa baada ya wiki nne, wala wawili wasiitumie kwa pamoja. Tena tusidharau chumvi, jua, moshi na ndimu. Nazo ni dawa za kuhifadhi, na zina vipimo vyake pia, kwa maana chumvi nyingi mno huinua shinikizo la damu.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mtu akija kwenu kusema ya kuwa dawa zote ni sumu, mwambieni habari za watoto 12 wa Bundaberg na 15 wa Nachodokopele, ambao chupa zao hazikuwa na mlinzi. Na mtu akija kusema ya kuwa yote ni mamoja, mradi kitu kinang'aa, mwambieni habari za maziwa yenye formalini na za wale wachanga 16. Kisha chukueni kopo au chupa iliyo karibu, mkaisome mpaka neno la mwisho.